Prosesa Inachemka: Tafuta Chanzo Kabla Hujanunua Kitu

Mwezi Februari mpwa wangu anayekaa Tabata alinipigia simu saa nne usiku. "Shikamoo mjomba. Imezima tena, na video ya harusi natakiwa niikabidhi kesho." Yeye huhariri video za harusi, sendofu na kichenipati akiwa nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, na wiki hiyo ilikuwa imemzimikia mara ya nne. Alishaipeleka kwa fundi mara mbili. Mara zote mbili prosesa ilipakwa grisi mpya ya kupitishia joto, na mara ya pili akaambiwa prosesa yenyewe imechoka, atafute nyingine.

Kesho yake nilikaa mbele ya ile mashine karibu nusu saa bila kushika bisibisi, naangalia namba tu. Namba zikanipeleka moja kwa moja kwenye hitisinki, kile chuma cha kuipoza prosesa: mguu mmoja wa plastiki kati ya minne ulikuwa umepasuka, hivyo upande mmoja ulikuwa haukandamizi prosesa. Grisi ilikuwa nzuri. Prosesa ilikuwa nzima, na mpaka leo ndiyo anayofanyia kazi.

Fedha iliyokwenda kwa fundi, na ile iliyokuwa njiani kwenda kununua prosesa, chanzo chake ni kutibu kabla ya kupima. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga hivyo: kupima kwanza, kufungua baadaye, kununua mwisho kabisa. Hauhitaji utaalamu. Unahitaji bisibisi ya nyota, brashi mpya ya rangi, daftari, na jioni moja usiyoharakishwa na mtu.

Neno moja kabla ya kuanza. Mtaani tumezoea kuliita kasha zima "CPU". Humu nikisema prosesa namaanisha kile kipande kidogo cha mraba kilicholaliwa na hitisinki, na hitisinki ni ule mlundo wa mapezi ya chuma wenye feni juu yake. Kasha nitaliita kasha.

Joto la Dar na joto la prosesa

Hitisinki haina baridi yake. Kazi yake ni kulihamisha joto la prosesa kulipeleka kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo haiwezi kuishusha prosesa ikawa baridi kuliko chumba hata siku moja. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 10 kwa kazi ileile. Hapa kwetu mchana wa Januari na Februari hewa ya nje hufika nyuzi joto 32 hivi, na chumba cha bati kisicho na dari hupita hapo. Usiku wa Julai hewa hushuka mpaka karibu 20. Kompyuta moja, yenye vumbi lilelile, inaweza kukaa kimya Julai na ikaanza kujizima Februari bila kitu chochote ndani yake kuharibika.

Ndiyo sababu sipendi mtu wa Dar achukue namba zilizoandikwa na mtu wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 akazitumia kama zilivyo. Namba ya kuangalia ni tofauti: joto la prosesa toa joto la chumba. Prosesa ya nyuzi 80 katika chumba cha 33 ina tofauti ya 47. Nyuzi 80 hizohizo katika chumba chenye kiyoyozi cha 23 ni tofauti ya 57, na hapo ndipo penye ugonjwa, ingawa kioo kinaonyesha namba moja.

Tofauti hukwambia afya ya mfumo wa kupoza. Namba kamili hukwambia umebakiza hatua ngapi ufike ukingoni. Prosesa nyingi za mezani za Intel zina kikomo cha nyuzi 100. Za AMD hutofautiana: Ryzen 5 5600X kikomo chake ni 95, Ryzen 7 5800X ni 90. Joto likigusa kikomo, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo unaona video inakwama au gemu linakatakata. Likiendelea kupanda, mashine hukata ghafla bila ujumbe wowote. Hiyo ni kinga inafanya kazi yake, kwa hiyo kuzima ghafla peke yake hakumaanishi prosesa imekufa. Wenye Ryzen za mfululizo wa 7000 wajue pia kwamba nyingi zimeundwa zikubali kufika 95 zinapobebeshwa mzigo wote. Kwao namba hiyo peke yake isiwatie hofu.

Hatua ya 1: pima, uandike

Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la kompyuta, kwenye tovuti yake yenyewe. Ni ya bure. Anayetumia Linux aweke lm-sensors kisha aandike amri ya sensors. Task Manager ya Windows haitakusaidia hapa, kwa sababu huonyesha joto la kadi ya picha na la prosesa haionyeshi. Ndani ya HWiNFO fungua ukurasa wa vipimo. Kwa Intel tafuta mstari wa "CPU Package", kwa AMD tafuta "Tctl/Tdie". Upo pia mstari wenye maneno "Thermal Throttling". Ukisomeka "Yes", basi prosesa imeshajipunguzia kasi kwa sababu ya joto, na hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Joto la chumba lipime kwa kipimajoto cha ukutani. Usipokuwa nacho, ipo njia ninayoitumia mara nyingi: iache kompyuta imezimwa usiku kucha, asubuhi iwashe na ufungue HWiNFO upesi, usome joto la diski kuu (hard disk) kabla haijapata moto. Namba hiyo huwa karibu sana na joto la chumba.

Kisha andika vipimo vitatu:

1. Imewashwa dakika 10, hakuna programu uliyofungua.
2. Ina kazi nzito kwa dakika 20. Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa mzigo, inafaa, jaribio lake la kawaida ni dakika 10, basi lirudie. Au iache itoe video ndefu, au cheza gemu ulilozoea. Ikipita 95 na bado inapanda, simamisha, umeshapata jibu.
3. Dakika moja baada ya kazi kusimama.

Andika na saa, na kama dirisha lilikuwa wazi, na kama feni ya chumba ilikuwa inazunguka. Utayahitaji haya baadaye ukitaka kujua ulichofanya kimesaidia au la.

Kwa mashine za ofisi za mtumba zilizojaa Kariakoo, zenye prosesa za wati 65 mfano wa i5-6500, nilizozipima zikiwa safi hukaa na tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 zikiwa hazina kazi, na 35 hadi 50 zikiwa na mzigo. Tofauti ikizidi 55 kwenye mzigo, au 25 bila kazi, endelea kusoma.

Hatua ya 2: tazama joto linavyopanda

Hapa ndipo palipomwokoa mpwa wangu, na ndipo wengi wanaporuka. Wanaangalia namba imefika wapi, hawaangalii imefikaje huko.

Anzisha kazi nzito macho yakiwa kwenye namba. Joto likiruka kutoka 45 hadi 90 na zaidi ndani ya sekunde tano au kumi, joto halitoki kwenye prosesa kuingia kwenye hitisinki. Vumbi haliwezi kufanya hivyo. Chuma cha hitisinki kina uzito, kinahitaji muda kushiba joto hata feni ikiwa imesimama. Joto linaloruka namna hiyo ni la mgusano: grisi imekauka, au hitisinki haikukaa sawa, au mguu haujashika. Ukisimamisha kazi nalo hudondoka vilevile, sekunde chache limerudi lilikotoka.

Joto likipanda polepole, dakika tano 65, dakika kumi 74, dakika ishirini 86, na bado linajongea, mgusano ni mzuri. Joto linafika kwenye hitisinki, ila hewa ya kulichukua haipo. Tafuta vumbi, feni inayozunguka kivivu, au kasha lililofungiwa mahali pasipo na pumzi.

Na likiwa juu tangu mwanzo wakati hufanyi lolote, kuna mawili: feni haizunguki, au kuna kitu kinaitumikisha prosesa bila wewe kujua.

Kidole nacho ni kipimo. Fungua ubavu wa kasha, mashine ikiwa kwenye mzigo, uguse ukingo wa mapezi ya hitisinki mbali na mabawa ya feni. Ya mpwa wangu ilisoma 94 huku chuma kikiwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Moto ulikuwa umebaki kwenye prosesa. Chuma kingekuwa kinachoma kidole, ningejua moto umefika ila hautoki.

Kuna wanaozimikiwa na mashine na joto halihusiki kabisa. HWiNFO inaweza kuandika vipimo kwenye faili kila sekunde mbili. Iache iandike, mashine ikizima fungua faili uone namba ya mwisho. Kama ilikuwa 68, acha prosesa. Angalia pawa saplai, na umeme wa nyumbani unavyopanda na kushuka.

Hatua ya 3: nani anaitumikisha?

Fungua Task Manager, panga programu kwa matumizi ya prosesa, usubiri dakika mbili. Kwa sisi tunaounga bando kwa siku, mashine hukaa wiki mbili bila intaneti, kisha ukiiwashia hotspoti Windows inaanza kushusha masasisho yote kwa pamoja, na ulinzi wa virusi unakagua mafaili. Prosesa itachemka saa nzima na hakuna ugonjwa. Iache imalize, upime tena kesho.

Cha kuogopa ni kingine. Programu zilizovunjwa kufuli, zile zinazopitishwa kwenye flashi, zinaweza kuja na programu ya siri inayochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako wa LUKU. Baadhi hujificha: feni inanguruma, ukifungua Task Manager inatulia, ukiifunga inaanza tena. Ukiona mwenendo huo, tumia ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika nje ya Windows. Upo kwenye mipangilio ya usalama, huwasha mashine upya na kukagua kabla virusi havijapata nafasi ya kuamka.

Hatua ya 4: mahali ilipo

Hii ni fupi na haina gharama. Meza nyingi za kompyuta zinazotengenezwa na maseremala wetu zina kijumba cha kuweka kasha, kimefungwa pande tatu na mara nyingine kina mlango. Itoe humo. Acha nafasi ya kama sentimita 15 nyuma, usiiegemeze ukutani, na usiiweke sakafuni juu ya zulia; kipande cha ubao au tofali mbili zinatosha. Kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kasha kiondoe mashine inapowaka, hata kama mama mwenye nyumba anakipenda. Kifunike usiku ikiwa imezimwa na imepoa, hapo kinasaidia kuzuia vumbi. Jua la alasiri nalo liangalie linaingilia dirisha lipi.

Kisha jaribio la ubavu: rudia kipimo cha mzigo ukiwa umeondoa ubavu wa kasha. Joto likishuka nyuzi 8 au 10, shida ni njia ya hewa ndani ya kasha. Likishuka moja au mbili tu, shida iko kwenye hitisinki yenyewe.

Najua nyumba nyingi ambazo ubavu ukishaondolewa haurudi tena, na feni ya mezani inaelekezwa humo mwaka mzima. Kwa kazi ya usiku mmoja nakubali. Kwa mwaka mzima unapuliza vumbi la barabara yote ya mtaa wako ndani ya mazabodi (ile bodi kuu inayobeba prosesa), na mijusi inapata makazi.

Hatua ya 5: vumbi

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Peleka kasha barazani. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, na urudie kila baada ya muda. Huo ndio uondoaji wa umeme tuli kwa asiye na vifaa.

Vumbi la Dar lina tabia yake. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na jiko likiwa karibu na sebule mvuke wa mafuta unafika kila mahali, hivyo vumbi halikai kama unga. Linashikana likawa kama blanketi jembamba la sufi. Blanketi hilo halionekani ukitazama kwa juu, maana liko kati ya feni na mapezi. Lazima uitoe feni ya hitisinki ndipo utaliona. Nimewahi kulivua likatoka zima kama kipande cha kitambaa, na mwenye mashine alikuwa ameshapuliza kwa bloa mara tatu kutoka juu.

Livue kwa mkono, kisha pitisha brashi kati ya mapezi, ndipo upulize kwa bloa. Kila feni unayoipuliza ishike kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi ya bloa inaumia beringi, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Usisahau matundu ya mbele ya kasha, nyuma ya uso wa plastiki. Huko ndiko hewa inakoingilia na ndiko kunakosahaulika.

Kuna jambo naomba ulizingatie. Usiipeleke kompyuta kwa mziba pancha ipulizwe na kompresa yake. Katika hewa yenye unyevu kama yetu, tangi la kompresa hukusanya maji, na mpira hutema maji na mafuta pamoja na upepo wenye nguvu kupita kiasi. Bloa ya umeme ya mkononi inatosha.

Walio karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, watazame pia kutu kwenye skrubu na ukungu mweupe kwenye mapezi ya alumini. Chumvi ya hewani hufanya hivyo. Brashi kavu inaondoa sehemu kubwa. Kitambaa chenye maji kisikaribie humo.

Pawa saplai ipulize kwa nje kupitia matundu yake. Usiifungue hata ukiona mende wameingia, maana kapasita zake hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomoa umeme.

Hatua ya 6: feni

Washa kasha likiwa wazi utazame. Feni ya prosesa iwe imechomekwa kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN kwenye mazabodi, maana ndiyo bodi huisimamia kwa joto la prosesa. Isiguswe na waya. Ikianza kwa kusitasita, au ikilia kama kinanda kibovu kisha ikanyamaza, beringi imekwisha. Tone la mafuta ya cherehani litaipa wiki chache, lakini feni ya kubadilisha si kitu cha kuumiza kichwa. Nenda nayo dukani wapime upana wake na idadi ya pini, tatu au nne. Mashine za ofisi za chapa kubwa mara nyingi zina soketi ya kwao peke yao, kwa hiyo usinunue kwa kukisia.

Za kasha nazo: ya mbele iingize hewa, ya nyuma itoe. Upepo hutokea upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota. Shika karatasi nyepesi nyuma ya kasha. Ikinyonywa badala ya kusukumwa, mtu aliigeuza.

Hatua ya 7: grisi na miguu ya hitisinki

Fika hapa kama Hatua ya 2 ilionyesha joto la kuruka, au kama umeshasafisha na tofauti haijapungua. Mashine iliyotoka kiwandani karibu na mwaka 2015, kama zilivyo zile zenye i5-6500, inaweza kuwa bado ina grisi yake ya kwanza, imeshakuwa chokaa.

Kabla ya kuitoa hitisinki, iwashe mashine ifanye kazi dakika kumi ili grisi ilainike, kisha zima na uchomoe. Ukiivuta ikiwa baridi inaweza kung'ang'ania. Kwa AMD za soketi ya AM4 hilo ni hatari hasa, kwa kuwa pini ziko kwenye prosesa yenyewe na inaweza kung'oka pamoja na hitisinki huku pini zikipinda. Fungua vishikizo, zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia mpaka uhisi imeachia, ndipo uinyanyue.

Tazama alama iliyoachwa na grisi ya zamani kabla hujaifuta. Ikiwa imetandazika pande zote, mgusano ulikuwa sawa na grisi ndiyo iliyozeeka. Ikiwa nene upande mmoja na nyembamba mwingine, hitisinki ilikaa mshazari. Alama hiyo ndiyo niliyoikuta Tabata, na ndiyo ambayo mtu akifuta kwa haraka anapoteza ushahidi wake.

Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, au karatasi ya chujio la kahawa, yenye spiriti. Spiriti ya famasi iwe safi, isiwe na mafuta wala rangi. Omba ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kama wanayo. Futa prosesa na chini ya hitisinki mpaka vyote ving'ae, uache vikauke.

Grisi weka tone moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko kubwa au mbaazi. Hitisinki ikikandamizwa italitandaza yenyewe. Kazi ya grisi ni kujaza mashimo madogo yasiyoonekana kati ya vyuma viwili. Ikiwa nyingi inageuka godoro. Ukinunua bomba la grisi, kamua kidogo kwanza. Likitoa mafuta majimaji kabla ya grisi, limekaa juani na limejitenga, lirudishe. Dawa ya meno usiweke, nimeiona kwa macho yangu kwenye mashine ya jirani: ilipoza siku mbili, ya tatu ikakauka na joto likapita lilipokuwa. Grisi ya metali ya kimiminika nayo usiilete kwenye hitisinki ya alumini, kwa sababu galiamu iliyomo hula alumini.

Sasa kufunga. Hitisinki ya skrubu nne: kaza kwa mshazari, kila moja mizunguko michache, urudi tena, mpaka zote zikaze sawa. Hitisinki ya miguu minne ya plastiki ndiyo inayowatesa watu. Vichwa vyote vizungushe kwanza kinyume na mshale uliochorwa juu yake, mpaka vikae katika hali ya kufungia. Bonyeza miwili ya mshazari kwa pamoja mpaka usikie mlio wa "ta", kisha miwili iliyobaki. Halafu, na hili usilipite, laza kasha ubavuni uangalie nyuma ya mazabodi kama ncha zote nne zimetokeza sawa. Mashine isiyo na dirisha la nyuma, itikise hitisinki kwa upole. Isicheze hata kidogo. Mguu uliopasuka hushika kwa muda, kisha joto la siku chache linauachia, ndiyo maana grisi mpya ilimsaidia mpwa wangu siku mbili tatu kila mara.

Hatua ya 8: mipangilio, kama bado

Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza kitufe chake wakati mashine inawaka. Kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, na kwa kompyuta nyingi za kuunganishwa na fundi ni Delete. Tafuta sehemu ya feni. Kama imewekwa kwenye hali ya kimya, ipandishe. Kelele kidogo mwezi wa Februari ni bora kuliko prosesa iliyojifunga breki. Kama kuna aliyewahi kuongeza kasi ya prosesa au volti, rudisha mipangilio ya kiwandani.

Ndani ya Windows, kwenye mpango wa umeme, kiwango cha juu cha prosesa ukikishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi za Intel huacha kujipandisha kasi ya ziada na joto hupungua papo hapo. Utapoteza kasi kiasi. Mimi huitumia kama dawa ya dharura, kazi ikiwa ni ya kukabidhi kesho na duka limeshafungwa. Usiku ule wa simu ndicho kitu cha kwanza nilichomwambia afanye, na ile video ilimaliza kutoka alfajiri.

Ukifanya yote haya na joto la kuruka bado lipo, hapo nenda kwa fundi, na uende na daftari. Mwambie: chumba 31, bila kazi 47, mzigo 94 ndani ya sekunde sita, hitisinki ina uvuguvugu, grisi mpya, miguu imeshika. Fundi makini atakushukuru. Kilichobaki ni vitu vichache: hitisinki yenye mabomba ya shaba yaliyopoteza kimiminika chake, chini ya hitisinki pasipo bapa, au bodi inayosukuma volti nyingi.

Mashine ya mpwa wangu tuliiwekea miguu iliyotolewa kwenye hitisinki chakavu, na tone moja la grisi. Jioni ileile, chumba kikiwa na nyuzi 31, baada ya dakika ishirini za kutoa video ilisoma 71: tofauti ya 40. Namba hizo, pamoja na tarehe, tumeziandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plasta ya karatasi na kukibandika ndani ya ubavu wa kasha. Atapima tena Agosti, na mara nyingine mwanzoni mwa Desemba kabla harusi za mwisho wa mwaka hazijaanza kumiminika; tofauti ikifika 48 atatoa feni na kuvua vumbi.